Kanuni ya Saba

Nyumbani kwa mama yako
5 Juni

Mwanangu Digrii,

Nimefika salama. Jicho la kulia limefungwa kama kifurushi, la kushoto linafanya kazi ya mawili bila shukrani, jambo ambalo mimi nimelizoea. Daktari amesema siku arobaini bila kutazama kioo cha kompyuta wala cha simu. Karatasi ruhusa, dakika ishirini kwa siku, herufi ziwe kubwa. Mama yako ameichukua simu yangu akaifungia kabatini pamoja na vitambaa vya wateja wake. Kwa hiyo tutaandikiana. Dereva wa gari la dawa anapita hapa kila baada ya siku mbili. Bahasha mpe yeye.

Hongera ya cheo. Nasema mara moja, sitarudia. Mimi nimekaa kwenye chumba kile miaka kumi na moja. Nilianza nikiwa karani wa kuchapa barua za wengine, nikajifunza programu kwa kitabu kisicho na jalada, nikakuta zahanati tisa nikaziacha thelathini na saba. Ukuu wa chumba nimeuomba mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa la maneno mawili: hana cheti. Wewe una cheti na miezi kumi na minne kazini. Hesabu ni hiyo, sikuitunga mimi.

Mama yako, huku anapiga pasi, ameuliza huo "mkondo" tunaousema kila siku ni kitu gani. Nimemwambia: tukibadilisha programu, hata herufi moja, mabadiliko hayaendi moja kwa moja zahanati. Yanapita kwenye mkondo wa ukaguzi. Mashine inaijenga programu upya, inaijaribu, ikiridhika inawasha kijani na kuituma. Isiporidhika inawasha nyekundu na hakuna kinachotoka. Maagizo yote ya mkondo, pamoja na saa ya kila zahanati kutumiwa orodha ya dawa zake, yamo kwenye faili moja la YAML, lugha ya kuandikia mashine maagizo, mistari 212. Na YAML haina mabano ya kukushika mkono. Nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ndiyo inayosema nani mtoto wa nani. Sogeza mstari nafasi moja tu, umempa mtoto baba mwingine. Mama yako akasema, "Basi hiyo ni kama kukata suruali." Nikamwambia wewe piga pasi.

Unajua kilicho mbele. Tarehe 30 wakurugenzi wanakaa. Zahanati tatu mpya zikiwa zimeingia na zinapokea orodha, mfumo wetu unabaki. Zisipoingia, wananunua mfumo wa dukani, wetu unazimwa, na chumba chenu cha watu wanne kinafungwa. Miaka yangu kumi na moja itakuwa imekwenda na maji.

Nimekuachia daftari la makabidhiano lenye kanuni ishirini na tatu. Fuata zote.

Mama Mkubwa

*

Ofisini
8 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Tumefurahi sote kusikia umefika salama. Msalimie mama, mwambie shati alilonishonea linasifiwa hapa kuliko mimi mwenyewe.

Huku mambo ni shwari kabisa. Zahanati tatu mpya nimeshaziandika kwenye faili, namba 38, 39 na 40. Daftari lako liko mezani mbele yangu na silifungui bila kunawa mikono. Usiwe na wasiwasi wowote, tulia upone.

Nina vijiswali vidogo tu, vya kujifunza. Katika kanuni ya tatu, nafasi za mwanzo wa mstari ni mbili kwa kila ngazi, sivyo? Mashine ikitaja mstari kuwa una kosa, huwa kosa liko hapo hapo au kwenye mstari wa juu yake? Na je, mkondo umewahi kukaa mwekundu kwa siku tatu mfululizo?

Nauliza tu.

Mwanao

*

Nyumbani kwa mama yako
10 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Mtu ambaye mambo yake ni shwari hana vijiswali vitatu. Nafasi ni mbili. Mstari unaotajwa ndio pale mashine ilipochoka kuvumilia, kwa hiyo anza kutazama juu yake. Na mkondo haujawahi kukaa mwekundu siku tatu. Rekodi yangu ni saa tano na dakika kumi, siku ambayo umeme ulikatika mara mbili.

Tangu lini? Na usiniandikie "shwari" tena, neno hilo liache kwa mabaharia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nitumie faili lote kwenye karatasi. Mashine ya kuchapa ya ofisini ina herufi za sisimizi, kwa hiyo tafuta namna. Zimebaki siku ishirini hadi tarehe 30. Dereva akija kila siku mbili, hiyo ni safari kumi, na nyingine mbili umeshazila kwa kunidanganya.

Mama Mkubwa

*

Ofisini
14 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Naomba radhi. Ni mwekundu tangu tarehe 6. Nimejaribu mara thelathini na moja. Nilificha kwa sababu mama alinionya kwamba ukishtuka presha itapanda jichoni, na pia kwa sababu naona aibu. Sababu ya pili ndiyo kubwa.

Mkondo unakwama kwenye ukaguzi wa orodha ya zahanati, baada tu ya zile 37 za zamani. Nafasi za mwanzo wa mstari nimezihesabu moja moja. Nimetafuta kama kuna nafasi za kurukisha, za kitufe cha Tab, zile kanuni ya nne inazosema "ni sumu". Hakuna hata moja.

Faili ndilo hili. Nimenunua karatasi za miraba, zile kubwa za wanafunzi wa hesabu, nikalinakili kwa mkono kwa kalamu nene, herufi moja kila mraba, ili jicho lako lisihangaike. Mraba mtupu ni nafasi tupu. Kurasa ni sitini na nane. Nimetumia Jumamosi yote na nusu ya Jumapili. Mwenzangu wa meza ya dirishani aliniuliza kama nimeadhibiwa.

Mwanao

*

Nyumbani kwa mama yako
19 Juni

Mwanangu,

Nimesoma mistari 53 kwa siku, siku nne, dakika themanini kamili. Mama yako alinisimamia kama mtihani.

Faili hili halina kosa.

Nasema tena ili usidhani ni jicho. Nafasi zote ziko mahali pake. Nukta mbili zote zimefuatwa na nafasi. Zahanati 38 saa 10:30, zahanati 39 saa 11:15, zahanati 40 saa 11:40, kila kitu kimekaa kama askari kwenye gwaride. Faili kama hili mkondo ungelimeza na kushiba. Mkondo naujua, niliuzaa mimi.

Kwa hiyo limebaki jambo moja, na ningefurahi lisiwe kweli. Umenitumia karatasi safi ili mgonjwa atulie kitandani. Faili lenyewe, lile baya, unalo huko, na unalitengeneza kimya kimya ili tarehe 30 usimame mbele ya wakurugenzi peke yako. Kama ndivyo, si lazima unitumie kurasa sitini na nane za huruma. Nimeshapewa huruma nyingi kwenye jengo hilo. Kila waliponinyima cheo walinipa keki.

Zimebaki siku kumi na moja.

Mama Mkubwa

Mwanangu, ni mama yako, naandika hapa chini wakati yeye yuko bafuni. Usiyapime maneno yake kwa uzito wote. Zile karatasi zako amezipanga chini ya godoro kwa namba za kurasa na hataki mtu azishike. Lakini sema ukweli wote, hata ule unaouona mdogo. Huyu ukimpunguzia habari kidogo tu anajaza mwenyewe, na anajaza vibaya.

*

Ofisini
21 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, kwa sababu sikutaka wenzangu waone uso wangu.

Sina faili lingine. Karatasi zile nilizinakili kutoka kwenye faili lilelile linalokataliwa, na jana nimekaa nalo tena, mstari kwa mstari, hadi nikaanza kuona nafasi tupu kwenye sahani ya chakula. Sisimami peke yangu mbele ya mtu yeyote. Nilipoitwa kupewa cheo nilisema kuna mwenye haki kuliko mimi. Wakaniambia nikikataa wataleta mtu wa nje. Sikukueleza kwa sababu ingesikika kama kujitetea, na bado inasikika hivyo.

Mama amesema nieleze yote, hata yale madogo. Basi haya ndiyo yaliyobaki, na sioni kama yana maana. Mkondo ukikataa huwa unatoa mistari mitatu mifupi:

zahanati 38: haikubaliki: 630
zahanati 39: haikubaliki: 675
zahanati 40: haikubaliki: 700

Hizi ni namba za hitilafu. Nimezitafuta kwenye vitabu vyote vya mwongozo na hazipo. Nimezitafuta kwenye mistari yote 212 na hazipo. Hakuna aliyeziandika. Ndiyo maana sikukuandikia, sikutaka kukuchosha na namba zisizo na wenyewe.

Kama nimekukosea adabu popote, nisamehe.

Mwanao

*

Nyumbani kwa mama yako
23 Juni

Mwanangu,

Namba zisizo na wenyewe! Mtoto wewe, umekalia jibu siku kumi na tano kama kuku aliyekalia jiwe.

Programu ile ya ukaguzi niliiandika mimi. Haina namba za hitilafu, niliziona anasa. Kinachofuata baada ya neno "haikubaliki" ni kile kile ilichopewa, bila kupunguza. Kwa hiyo kuna mtu anaipa programu yangu 630 mahali ilipotarajia saa. Nikajiuliza, 630 ni nini?

Nilikuwa mezani, mama yako anakata kitambaa upande wa pili. Zahanati 38 ni 10:30. Kwa midomo yetu hiyo ni saa nne na nusu asubuhi, dakika 270. Hesabu haikulingana. Kisha nikakumbuka mashine haihesabu siku tangu asubuhi kama sisi. Inahesabu tangu usiku wa manane. Kumi mara sitini, ongeza thelathini. Mia sita na thelathini! Kumi na moja mara sitini, ongeza kumi na tano: 675. Ongeza arobaini badala ya kumi na tano: 700. Nilipiga meza, mama yako akakata pembeni ya chaki, na sasa kuna mteja atakayepata mikono mifupi.

Msomaji wa YAML, yaani programu inayolisoma faili kabla ya ile yangu, anaona tarakimu, nukta mbili, tarakimu, anadhani umempa hesabu ya sitini sitini, anakufanyia hesabu ambayo hukumuomba, na kuipitisha mbele kama namba. Ni mfanyakazi mwenye bidii isiyo na akili. Dawa ni kuifunga saa ndani ya alama za kunukuu ili ajue ni maandishi na aiache ilivyo.

Lakini hapa ndipo ninapokwama. Kwenye karatasi zako, ukurasa wa 61, 62 na 63, saa zote tatu zimefungwa ndani ya alama. Nimezitoa chini ya godoro nikatazama tena. Zipo, kalamu nene, mraba wake wenyewe. Faili lenye alama haliwezi kutoa 630.

Nenda kwenye mashine, utazame kwa macho yako mawili. Huko ndani zipo?

Mama Mkubwa

*

Ofisini
25 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Hazipo.

Nimefungua faili nikatazama kama ulivyoagiza. Kwenye mashine ni 10:30 tupu. Nilipokuwa nakunakilia, mkono wangu uliziweka zenyewe, kama tulivyozoea chuoni, na jicho langu halikuona kwamba nimeongeza kitu. Nimekutumia faili ambalo ningeliandika kama ningekuwa peke yangu.

Nimeziweka. Saa tatu na dakika nane asubuhi mkondo umekuwa kijani. Mwenzangu wa dirishani alipiga kigelegele, akasahau kwamba anazungumza na zahanati kwa simu. Zahanati 38 ilipata orodha yake saa nne na nusu kamili. Muuguzi wa zamu akapiga kuuliza mbona tumechelewa wiki tatu. Nikamwambia ana haki.

Lazima nikueleze na hili, kwa sababu utaliuliza. Kwenye mashine sikuziweka alama kwa makusudi. Daftari lako, kanuni ya saba: "Saa iandikwe wazi, tarakimu na nukta mbili tu. Alama za kunukuu ni mapambo." Siku ya kwanza nilipoisoma nilisita. Kisha nikasema, mimi ni nani? Miaka kumi na moja imefanya kazi. Nikafuata. Na ilipogoma nikatafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Kwenye ripoti ya wakurugenzi nimeandika "hitilafu ndogo ya kiufundi, imetatuliwa". Hakuna haja ya kutaja kanuni ya nani. Nimeona ni heshima.

Mwanao

*

Nyumbani kwa mama yako
27 Juni

Mwanangu,

Barua yako imesomwa hapa kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza na mama yako, ambaye aliruka mstari wa kanuni ya saba ili kuniokoa. Mara ya pili na mimi.

Nimekaa nao siku nzima. Kwa nini ilifanya kazi miaka yote ile? Nimepata. Gari la dawa lilikuwa moja, linaondoka saa nne, kwa hiyo zahanati zote 37 zilipokea orodha kabla ya hapo: 06:30, 07:15, 09:50. Kila saa ilianza na sifuri, na msomaji wa YAML akiona sifuri mbele ya saa haifanyii hesabu, anaiacha kama maandishi. Sifuri ile ndiyo iliyonibeba. Mwaka huu wameongeza gari la pili, linaloondoka saa saba, na kwa mara ya kwanza saa imeanza na moja. Mimi nilidhani nimetunga kanuni, kumbe nimetunga bahati na kuipa namba.

Wewe ulijua. Uliniheshimu kwa siku kumi na tisa na nusura heshima hiyo inizimie mfumo. Mwanangu, heshima ya namna hiyo mpe marehemu. Mimi nipo, nina jicho moja na nusu, niambie.

Sasa ripoti. Futa hayo maneno ya "hitilafu ndogo ya kiufundi". Andika kosa lilivyokuwa, na uandike ni la nani. Jina langu kamili, bila kufupisha. Usinionee huruma. Kwa miaka kumi na moja nimejenga kitu chote kile na jina langu haliko popote, si mlangoni, si kwenye ripoti, si kwenye ukurasa wa kwanza wa mfumo. Kama kosa ndilo mlango uliobaki wazi, nitapitia hapo.

Na tuhuma zangu za tarehe 19 nazifuta. Zile za keki zibaki.

Mama Mkubwa

*

Ofisini
1 Julai

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nimeandika kama ulivyoagiza, kwenye ripoti na kwenye kumbukumbu ya mabadiliko ndani ya mfumo. Mkurugenzi Mkuu aliisoma kwa sauti mbele ya wenzake sita: kwamba kanuni ya saba ilitungwa na wewe, ikafanya kazi miaka kumi na moja bila kukosa asubuhi hata moja, ikashindwa na saa nne na nusu. Kwamba kosa umeligundua wewe, ukiwa mgonjwa, kwa namba tatu na jicho moja.

Akavua miwani. "Huyu ni nani?"

Mama Mkubwa, hakuna aliyelijua jina lako. Watu saba, na wengine wamekaa pale kabla yako. Nikasema, "Ndiye aliyeandika kila mstari mnaoupigia kura leo."

Mmoja akauliza, "Yule mama wa kuchapa?"

Nikasema, "Huyo huyo."

Kisha mwingine akauliza kama kosa la miaka kumi na moja si sababu ya kununua mfumo wa dukani. Nilikuwa na jibu refu, lakini mama wa fedha alinitangulia. "Wa dukani ukikosea," akasema, "nani atatuandikia ripoti kama hii?"

Watano wameunga mkono, wawili wamekaa kimya. Mfumo unabaki. Chumba kinabaki. Mkurugenzi Mkuu amesema lile sharti la cheti kwa mkuu wa chumba litajadiliwa. Nimeandika neno "litajadiliwa" kama alivyolitamka, sijaongeza kitu. Mimi nimesema siku litakapojadiliwa nitakuwepo.

Kumbukumbu ya mabadiliko iko ukurasa wa kwanza wa mfumo. Zahanati zote arobaini zinaiona.

Mwanao

*

Nyumbani kwa mama yako
12 Julai

Mwanangu,

Kitambaa kimetoka. Jicho linaona. Mwanzoni kila kitu kilikuwa na ukungu, kisha nikaona vumbi juu ya kabati la mama yako, nikajua nimepona.

"Litajadiliwa" nimelisikia mara nyingi, kwa hiyo sijasimama kulipokea. Lakini barua ya maombi nimeshaiandika, ya tatu. Nitakuja nayo Jumatatu, na wewe utaisoma kwanza na kuniambia makosa yake siku hiyo hiyo.

Daktari ameniruhusu kutazama kompyuta dakika kumi kwa leo. Mama yako aliazima moja kwa jirani, akaiweka mezani kati ya nyuzi na mikasi, akaondoka kwa heshima akidhani nitafanya kazi. Nimezitumia dakika zote kumi kusoma mistari minne ya ile kumbukumbu ya mabadiliko, na mstari wa pili ndio wenye jina langu. Nimeisoma mara saba. Mama yako akachungulia mlangoni akauliza nacheka nini peke yangu.

Nimemwambia nasoma kosa langu.

Mama Mkubwa